Suti ya Mpira ya Mansour

Jumanne, 7 Januari 2003

Lubna kaingiza kichwa kwenye mkono wa suti ya baba yake sasa hivi, kakwama, analia humo ndani. Nimemvuta miguu. Katoka nywele wima, anacheka: "Mama, I'm a fish!" Samaki wa Sharpstown, mtaa wetu huu usio na hata mto!

Suti yenyewe ni ya mpira, nene, milimita saba, ya kupigia mbizi kwenye maji baridi. Tumeinunua jana Stafford, duka la wapiga mbizi. Jumamosi Mansour anajaribiwa kazi Lewisville, saa nne kwa gari kutoka hapa, kwenye gati ya boti za ziwani — kusugua boti kwa chini na kukaza minyororo inayozishika. Akiipata, teksi ya usiku tunaiaga. Lubna atamwona baba yake macho wazi, si amelala na mto usoni.

Dukani zilikuwa mbili. Moja inabana kila pahala, nyingine ina nafasi. Charlotte, mwenye duka, akasema chukueni inayobana. Tukaitikia yes, yes, tukachukua kubwa! Mimi ndiye niliyeichagua. Mwanamume mzima atembee kachoreka vile mbele za watu? Kwetu nguo ya heshima haishiki mwili.

Alhamisi, 9 Januari

Leo kaijaribu kwenye pool ya hapa apartment. Hakuna mwingine anayeingia Januari. Kapiga bismillahi, kazama, suti ikafura mgongoni kama puto. Kazama tena. Alipotoka meno yanagongana. Bibiche wa ghorofa ya juu, Mkongomani, kasimama kwenye ngazi na beseni la nguo: "Mama Lubna, bwana yako anaoga na mufuko ya mihogo?" Nilicheka. Halafu nikaona aibu kucheka.

Nilipokuwa namfuta ndipo nikaelewa. Suti ikibana, maji yanaingia kidogo tu, mwili unayapasha, yanakaa. Hii kubwa inatoa yale ya moto na kuleta mapya ya baridi kila akijigeuza.

Nikamwambia twende tukabadilishe. Hataki. Eti Pemba alizamia majongoo ya pwani na kaptura tu. Pemba maji yana joto kama chai, Mansour!  Kisha kasema taratibu: "Ile inayobana, Hadiya, ni kama sijavaa kitu."

Kumbe hapo ndipo penyewe. Si ubishi. Ni haya.

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya sala tumekwenda Stafford. Charlotte hakutucheka, kabadilisha. Kamfundisha kuvaa mfuko wa plastiki miguuni kwanza ili mguu uteleze. Hata hivyo tulivuta! Yeye mbele, mimi nyuma, Lubna anapiga kelele one, two, three! Ikamshika kama ngozi. Kajitazama kwenye kioo, kageukia ukutani.

Nikauliza kwa Kiingereza changu: akivaa kaptura pana juu yake, kuna ubaya? Hakuna, kasema, wengi huvaa, wanataka mifuko ya kutilia vifaa. Jamani! Nilikuwa naona haya kuuliza, kumbe dawa yenyewe kaptura.

Nimetia lastiki kaptura yake ile ya kaki. Kaivaa juu ya suti, kazunguka sebuleni.  Hakuivua mpaka chakula kilipowekwa.

Jumamosi, 11 Januari

Lewisville. Niko ndani ya gari, heater inavuma, Lubna kalala. Upepo wa ziwani unauma hata kwenye kioo. Mzee mwenye gati ana koti kubwa na maneno machache. Alimtazama Mansour juu mpaka chini. Kamwonyesha boti tu.

Kazama. Naona mapovu. Yanakwenda mbele, yanarudi.

Yamekawia upande mmoja. Ya Rabbi.

Katoka! Midomo si ya buluu. Hatetemeki. Mzee kauvuta mnyororo kwa mikono miwili, haukucheza. Kavuta tena. Sasa anamwonyesha boti ya pili. Sijui, labda kila mtu hupewa mbili. Lakini kamtilia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake mwenyewe, na Mansour kaipokea, anacheka. Mara ya mwisho nilimwona lini anacheka mchana?

Tukihamia huku nataka nyumba yenye dirisha linalotazama maji, niwe nachungulia, na Lubna apate — "Hadiya!" Ananiita. Anaonyesha mgongo. Zipu imeshuka, anasema, njoo uipandishe, narudi chini. Naacha kalamu, nakwenda.