Mchomaji Amemleta Binti Yake

Garissa, Jumanne

Jina la mzee litabaki kwenye ripoti ninayoiandika, bosi apende asipende.

Asubuhi bosi alituuliza mkutanoni kwa nini wanawake wanaokufa kwa saratani ya matiti wamepungua hapa kwetu. Akajijibu mwenyewe: dawa mpya, mashine mpya.

Dawa zimesaidia, sikatai. Lakini zamani wagonjwa walitufikia wakiwa wamechelewa, kwa sababu uvimbe ulichomwa kwanza na waganga kwa kijiti cha moto, miezi na miezi, mpaka titi likawa kidonda kitupu.

Nikasema mwingine wa kushukuriwa ni Mzee Abdi, mchomaji wa karibu na soko la mifugo. Wakacheka. Bosi akasema, "Sista, hatuwezi kuandika mganga kwenye ripoti ya serikali."

Hajui nimekunywa chai ngapi ya maziwa ya ngamia kwa yule mzee wa Kisomali, nikimbembeleza aache kuchoma matiti, mpaka akaanza kuwatuma wanawake kwetu mapema. Mimi Mkamba, Mkristo, tena mwanamke.

Saa tisa mzee akaingia kliniki na binti yake, Halima. Uvimbe ni kama punje ya mahindi. Ngozi haina alama hata moja ya moto.

"Huyu mimi sikugusa, wallahi," akaniambia. "Moto hapana saidia hii. Hii kazi yako."

Majibu ya kipimo bado, na ninaogopa. Binti wa watu ana watoto wawili. Lakini amekuja mapema, na hilo hakuna mashine iliyolifanya.

Nimemwalika mzee kwenye mkutano ujao. Bosi akitaka kufuta jina lake, alifute akimtazama machoni.