Ngozi ya Koki

Shinyanga,
9 Novemba 1955

Shemeji Maganga,

Nimekukosea, na nimelinyamazia kosa langu mwaka mzima. Wewe hukuacha koki ya tangi la bustani wazi. Mimi niliichomoa ile ngozi ya ndani inayozuia maji, nikaitia kwenye pampu ya baiskeli yangu, nikidhani Jumatatu nitairudisha. Jumapili nzima tangi likavuja. Kisima nacho kilikuwa kimepungua, wiki tatu hatukuwa na maji ya kumwagilia. Nyasi za bustani zikakauka, na miti uliyoipanda ikafa yote.

Bwana wa bustani alipokuuliza, ulisema, "Niliifunga, muulize shemeji yangu hapa!" Nikajibu, "Labda ulisahau." Ukanicheka: "Shemeji, mimi hata zizi la ng'ombe sijasahau kufunga." Ukafukuzwa kazi, ukaenda machimbo ya dhahabu ya Geita.

Huku mhola tu, hatujambo. Mvua bado. Dada yangu anawalisha watoto wenu michembe, viazi vikavu tu. Ndiye aliyeniambia jiwe limekuponda mguu, umekatwa. Akasema, "Kaka, si ungemtetea siku ile?"

Kazi hawatakurudishia. Watasema mtu wa mguu mmoja hawezi kubeba madebe ya maji. Na miti yako tumeshaing'oa, imepikiwa uji.

Lakini Jumatatu hii, tarehe 14, asubuhi tukiitwa majina, nitasema mbele ya bwana na wenzetu wote kwamba koki niliiharibu mimi, na wewe uliifunga.

Ni mimi shemeji yako,
Ngassa