Migongo kwenye bustani ya mtoni

Nadra, kaka Haitham kaumbuka leo, na bustani yake ya mtoni!

Baraza zote kazijenga zinatazama mto. Mgeni rasmi kasimama mbele na hotuba mkononi, anaona migongo. Migongo mitupu! Wazee wote wamekaa kinyume, wanatazama barabara.

Haitham jasho linamtoka: "Wazee wangu, geukeni, mto uko huku!"

Mzee Hija hata shingo hakugeuza: "Tukae barazani tutazame maji? Maji yatatuamkia?"

Wallahi kasema hivyo mbele ya mgeni. Maji yatatuamkia!

Haitham akatafuta wa kumtetea. Kamuona nani? Baba! Baba yetu, katikati ya ile migongo! Kazunguka mpaka mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sogea mwanangu, unatuziba barabara."