Gitaa Linalolala Mapajani

Mpendwa Papa,

Tumemaliza kilio chako, na aliyepiga gitaa ni mimi. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Mtu akifika karakanani kwako Kalundu na hadithi ndefu ya namna moteri ya mtumbwi wake ilivyozimika katikati ya ziwa, ulikuwa unamkata: "Sema kwanza, iliwaka ao haikuwaka?" Basi iliwaka, Papa. Iliwaka vizuri. Sasa tulia nikusimulie.

Unakumbuka ulivyonianzisha. Ulinifundisha akordi tatu ulizozijua na ya nne uliyoitunga mwenyewe, ambayo mpaka leo sijakutana na mtu mwingine anayeipiga. Ukanipeleka kwenye korali ya kanisa letu pale Kilibula, ukakaa benchi la nyuma, mikono ikinuka mafuta ya moteri hata siku ya Mungu. Wageni walikuwa wanamtafuta kwa macho kijana anayepiga gitaa, na mimi nimesimama mbele yao na gitaa lenyewe. Wewe ulikuwa unafurahia sana hilo. Ukirudi nyumbani unamwigiza mgeni, shingo huku, shingo kule, mpaka Mama anakuambia ule kabla ugali haujapoa.

Halafu ukaja ule msimu wa mvua, ukuta wa jikoni ukaniangukia mkono wa kushoto. Mifupa iliunga, lakini kidole cha pete na kile kidogo cha mwisho vilibaki vimenyooka kama vijiti, na havikunjiki hadi leo. Anayejua gitaa anajua maana yake. Prezida wa korali alikuja kunipa pole na sukari na sabuni, akakaa, akakohoa, akasema, "Mama, weye utaimba tu. Sauti iko." Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikalia juu ya nguo za kufua. Wengine walikuja kuniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni rahisi kusema hivyo kama koleo si lako.

Wewe hukunipa methali hata moja. Ulikuwa unautazama tu mkono wangu kwa namna ulivyokuwa unatazama moteri iliyoletwa na mtu mwongo. Jioni moja ukaingia na simu mkononi, hata viatu hujavua. Mteja mmoja alikuwa amekuonyesha video ya mtu aliyelaza gitaa mapajani. Mkono wake wa kushoto haukubana chochote. Ulikuwa umeshika kipande cha chuma, ukikitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

"Umeona, Mama?" ukaniambia, maana nilipewa jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine. "Kama mukono inakatala gitaa, tutatafuta gitaa yenye itakubali mukono."

Ulimtuma yule mama wa biashara anayevuka kwenda Bujumbura, na yeye akawatuma wengine, na baada ya kungoja hadi nikaacha kungoja, katoni ikafika. Ilikuwa gitaa la bei ya wanaoanza, nalo lilionekana hivyo. Ubao mnene, usio mpana, usio na tumbo, kama kibao cha kukatia nyama kilichofungwa nyuzi sita. Mama alipitisha kidole juu ya shingo yake pale ambapo magitaa yote yana vyuma vidogo vya kugawa sauti.

"Wamekuuzishia feki," akasema. "Hata hizi barre wamechora na rangi."

Ukakwangua kwa ukucha. Kweli, ilikuwa rangi. Na nyuzi zenyewe zilikuwa zimeinuka juu mno, kidole kinapita chini yake bila kugusa mbao. Ukasema imetoka kiwandani haijamaliziwa, wewe utaimalizia. Papa, mimi nilikuamini. Fundi uliyefufua moteri zilizolala ziwani ungeshindwaje na ubao? Ukachukua tupa, ukakaa mlangoni mchana mzima, ukakisugua kile kijipande cha kichwani kinachobeba nyuzi mpaka zikashuka, zikalala karibu na mbao kama za gitaa la kawaida. Ukanikabidhi kwa fahari. Nikaweka kile kichuma kilichokuja nalo, nikavuta, ikakwaruza kama sufuria kwenye saruji.

Tulirudi kwenye video tukaitazama pole pole, vichwa vimegongana juu ya simu. Ndipo tukaona. Nyuzi zinatakiwa ziwe juu, chuma kisiguse mbao. Na ile mistari inatosha kuwa rangi, kwa sababu hakuna kinachobanwa. Ni alama tu ya kuliambia jicho chuma kifike wapi. Haukuwa ufeki, wala hakukuwa na cha kumalizia. Ukaitazama tupa yako.

"Kumbe minye ndiye niliiharibisha," ukasema mwishowe.

"Fundi wa moteri," Mama akajibu kutoka jikoni, "ile hainywake essence ya moteri."

Ulicheka mpaka ukalala chali kwenye mkeka, na mimi nikacheka hadi mbavu zikaniuma, mara ya kwanza tangu ukuta uanguke. Kesho yake ulikata kijipande kipya kutoka kifuniko cha moteri iliyokufa, ukakichonga, nyuzi zikapanda tena. Mpaka leo gitaa langu linabeba nyuzi zake juu ya moteri, na sijaona haja ya kubadilisha.

Kile chuma kilichokuja ndani ya katoni kilikuwa chepesi, sauti yake nyembamba kama ya mbu. Ulikipima mkononi, ukakirudisha, ukatoa mfukoni ile axe ya pistoni yako, kichuma cha ndani ya moteri ulichotembea nacho siku zote. Nilikijua kile kichuma kabla sijajua kusoma. Cha mviringo, kizito, laini kama kioo. Nilipoanguka utotoni na kuvimba paji la uso ulikuwa unanigandamizia hicho hicho, kinapoza, na kilio kinakatika. Sasa ukakiweka kwenye nyuzi. Sauti ikatoka nene na ndefu, ikakaa, ikaenda kuzimikia mbali. Ulirudi karakanani mfuko ukiwa mtupu.

Lakini bado kulikuwa na kelele. Kila nikitelezesha chuma mbele, nyuzi zilizobaki nyuma yake zilikuwa zinapiga mayowe yao wenyewe. Mama alisema ni mbuzi wa jirani. Nilikaza mkono, nikainua vidole vyangu vibovu juu kabisa ili visilete ujinga wao, na mbuzi akazidi. Jioni moja nikachoka, mkono ukalegea, vile vidole viwili vikaanguka juu ya nyuzi. Wewe ulikuwa unakula. Ukaacha tonge njiani.

"Ngoja. Rudisha hivyo vidole."

"Papa, hivi vimekufa."

"Rudisha, Mama. Ule mbuzi amenyamaza."

Nikavirudisha. Dole gumba, cha shahada na cha kati vikashika chuma, na vile viwili vilivyonyooka vikalala nyuma yake, vikizikanya nyuzi. Sauti ikatoka safi kama maji ya mlimani. Tukaitazama video tena, na yule mtu alikuwa amevilaza vidole vyake hivyo hivyo, cha pete na cha mwisho, vimenyooka. Yeye ilimbidi ajifunze kuvinyoosha. Mimi vyangu vilikuwa vimeshajifunza. Nilikuangalia, na ulikuwa unalia na ugali mdomoni, Papa, usikatae.

Ndipo nikautaka mluzi wako. Kila jioni ukitoka Kalundu ulikuwa unaanza kuupiga ukifika kwenye bomba la maji, na unaumaliza mlangoni. Mama hakuwahi kukujibu karibu wala pole na kazi. Alikuwa anasema, "Maji iko tayari," maana yake ndoo ya kuoga imekungojea nyuma ya nyumba, na siku yake imetimia. Kwenye gitaa la zamani sikuweza kuupata mluzi ule. Gitaa la zamani linapanda ngazi, kipandio kwa kipandio, na mluzi wako ulikuwa unateleza. Kwa chuma, ungewezekana. Ulinicheka: "Ile haiko wimbo. Iko ya kuitisha maji." Lakini ukakaa ukaanza kunipigia, kipande baada ya kipande, na mimi nikifuata.

Tulikuwa hatujafika mwisho ulipougua. Ule mkunjo wa mwisho, pale sauti inaposhuka kisha inajiinua kidogo kabla ya mlango, haukuwa umenikaa. Na ulipotuacha, Papa, katika huzuni zote hii ndiyo iliyonizidi. Watu walikuwa wanamlilia fundi na jirani na shemeji. Mimi nilikuwa naogopa kwamba duniani hakuna tena anayejua mluzi ule unavyoisha, na kwamba nikishindwa kuupata, umezikwa na wewe.

Niliapa nitaupiga siku ya kumaliza kilio. Nilikuwa najifunza kila jioni, saa zako zile. Nilijifunza kutazama mstari kutoka juu yake, si kwa upande, maana kwa upande jicho linadanganya na sauti inakosa. Nilipata mwanzo, nikapata katikati. Mwisho ukanikataa.

Prezida wa korali naye akanikataa. Alikuja kupanga nyimbo, akaona gitaa mapajani, akasikia, akakubali ni tamu. Tatizo lake lilikuwa kiti.

"Mu korali yetu tunaimbaka tukisimama," akasema. "Mbele ya Mungu na mbele ya marehemu. Weye utaikala namna gani?"

"Nikisimama litaanguka, Papa Prezida."

"Basi uache lianguke siku ingine."

Ungejivunia jinsi nilivyoshika ulimi. Baba mukubwa, kaka yako, alikuwa amefika kutoka Runingu na mihogo yake na usingizi wake, amejilaza kwenye kiti, tukadhani hasikii. Akafungua jicho moja.

"Prezida, huyu iko mutoto wa nani?"

"Wa marehemu, Mzee."

"Siku ya kumaliza kilio, mutoto wa marehemu anasimama? Tangu lini? Yeye anaikala. Wenye kuimba ndio wanasimama. Sasa akiikala na kibao chake mu mapaja, anamukosea nani?"

Akafumba jicho. Prezida akarudi kwenye chai yake. Hivyo ndivyo nilivyokaa mbele ya watu wote kwa haki yangu kama mfiwa, na korali ikasimama nyuma yangu.

Umeme ulikuwa umekatika, kama ambavyo wewe ungetegemea. Vijana wako wa Kalundu walibeba batri kutoka karakanani, wakaiunga na ile ampli ndogo iliyokuja na gitaa kulikuzia sauti. Niliweka axe yako kwenye nyuzi. Ilikuwa baridi. Nikaanza kwenye bomba la maji, na wavuvi waliokaa nyuma wakainua vichwa kwa pamoja. Waliutambua. Nikasikia mmoja anasema taratibu, "Fundi huyo anarudi." Nikapita kwa jirani mwenye bata, nikapita kwenye ile kona yenye mawe, nikafika mwisho, na mwisho sikuwa nao. Basi sikutazama mistari. Nilikuwaza umechoka, umeuona mlango, na nikaacha mkono ufanye kama mtu anayefurahi kufika. Chuma kikashuka, kikajiinua kidogo. Ulikuwa ndio wenyewe, Papa. Ndio wenyewe kabisa.

Najua unataka nimalize, lakini acha nikueleze kwanza ya kanisani, maana nina kiburi na wewe ndiye uliyenipa. Jumapili iliyofuata nilienda kukaa kwenye mabenchi na waumini. Prezida alinikuta mlangoni. Alikuwa amebeba kiti chenye mto kutoka nyumbani kwake, akakiweka mbele ya korali, akakijaribu kwa mkono kama hakitikisiki. "Mama," akasema bila kunitazama, "uikale. Tumekuchelewa." Nikaikala. Wageni wakaanza kutafuta kwa macho kijana anayepiga, shingo huku, shingo kule. Nilikuigiza moyoni.

Sasa nirudi siku ya kilio, kwenye ile sauti ya mwisho. Niliinua chuma. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, kitenge kimemfunika kichwa, na tangu ulipoondoka alikuwa haongei ila akiulizwa. Sauti ikaisha. Na Mama, bila kuinua kichwa, kwa sauti yake ya kila siku, akasema:

"Maji iko tayari."

Alishtuka mwenyewe. Akafunua kitenge, akanitazama mimi, akautazama mlango, akautazama mkono wangu wa kushoto. Kisha akacheka, Papa. Machozi yakimtoka, alicheka mpaka wanawake wakamshika mabega. Akaniambia, "Anzisha tena ku bomba."

Nikaanzisha tena ku bomba.

Oga, Papa, upumzike. Jioni za huku tunazishughulikia sisi.

Ni mimi, binti yako uliyemwita Mama