Mihogo Michungu ya Mama Isaka

Jumamosi, 9 Agosti 2025
Hospitali, Masasi. Mume wangu Isaka amefumbua macho. Asante Mungu. Asante, asante!

Jana alifika nyumbani Lupaso kutoka Newala bila taarifa, na njaa yake. Mama mkwe hakuwa na unga. Akang'oa mihogo michungu — ile ya kuloweka siku tatu, kuanika, ndipo itwangwe — akaichemsha hivyo hivyo. Alidhani ukibadilisha maji uchungu unaisha. Mwenyewe hakugusa, alimwachia mwanawe sufuria nzima. Mimi nilikuwa shuleni na wanafunzi wa mtihani, ingawa ilikuwa Nane Nane. Narudi — anatapika, kizunguzungu, miguu haina nguvu. Jirani yetu Sultani alitukimbiza kwa pikipiki, na bado yuko nje kwenye benchi. Muuguzi Mwanasha aliuliza mara moja: amekula nini? Nitamwombea maisha yangu yote.

Jumatatu, 11 Agosti
Nyumbani! Anatembea. Nimeloweka mihogo mingine. Mama anasema mwanawe katupiwa kitu huko Newala. Vimeng'enya na sumu ya muhogo nafundisha darasani kila mwaka, ila mzazi nimwambieje?

Jumatano, 13 Agosti
Nimemkuta mama jikoni, sufuria motoni. Michungu tena! Eti ya kumpongeza Isaka kwa kupona. Hasira zikanipanda, nikaimwaga yote uani. Aninunie tu, mume wangu yu hai.

Jumapili, 17 Agosti
Baada ya misa nilikaa na mama, tukabangua korosho. Kwanza nikaomba radhi. Kisha nikamweleza. Sumu ya muhogo imefungwa ndani, na humo humo kuna kimeng'enya, kazi yake kuipasua. Muhogo ukilowekwa unalainika, viwili hivyo vinakutana, sumu inapasuliwa na kutoka. Kimeng'enya ni kama yeye na korosho: anabangua hii, anashika nyingine, mwenyewe hapungui. Lakini ukiwahi kuchemsha, moto unamuua mbanguaji huyo, yaani kimeng'enya, kabla hajamaliza kazi. Uchungu unapungua, sumu inabaki.

Akaacha kubangua.

"Mama Theodora," akaniambia taratibu, "kwa hiyo ni mimi?"

Isaka alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akapita, akaketi mkekani mbele ya mama yake. Ugali wa ile mihogo niliyoloweka ulikuwa umeiva.

"Nipakulie wewe, mama."

Nimewaachia, naandikia chumbani, mlango wazi. Mama kashika mwiko. Isaka kanyoosha sahani, wala hairudishi. Mama bado hajapakua, lakini mwiko umeshaingia ugalini.