Sanduku Lisirudi Tupu

Jumatatu, 3 Machi. Masisi

Somo la kwanza: mizizi. Nusu ya darasa haipo, wazazi wamewaficha watoto wao. Nimemwagilia miche. Mchana nimepanda kwenye jiwe nyuma ya kanisa, mahali pekee penye mtandao, na ujumbe ukaingia. Wamekubali. Wamekubali!

Nimeomba tangu mwaka jana. Kituo kile cha Ulaya kina mashine inayoigiza upungufu wa mvutano wa dunia. Mche hufungwa ndani, hugeuzwa polepole kila upande hadi usijue chini ni wapi. Swali langu ni dogo: haragwe letu linalopanda miti, likinyimwa chini, litaujua mti bado? Nimepewa zamu mwezi wa tano. Sharti: mbegu zifike kabla Machi haijaisha, aina moja tu, ndani ya visanduku vyao walivyoniletea katika katoni moja nilipoomba, na kisiwemo kitu kingine.

Mama amesikiliza yote, akacheka. Anasema maharage yake yana akili kuliko bazungu.

Alhamisi, 6 Machi

Mizinga upande wa Sake. Barabara ya Goma imefungwa. Nitapita nyuma, Walikale hadi Mubi. Huko yuko Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Lori lake hushuka Bukavu kwa njia ya Hombo, na kutoka huko mizigo hupelekwa kwenye ndege.

Mbegu nimezichagua kutoka ghala la Mama, zile nyekundu zenye madoa. Nimezibandika moja moja ndani ya visanduku, nimevifunga, nimevipanga juu ya sponji katika katoni yao. Halafu nikamwachia Mama katoni, nikaenda kuaga shuleni. Niliporudi ilikuwa imekwisha fungwa kamba, vizuri kweli. Nikamshukuru.

Hataki kuja nami. Nani atavuna? Nimemkasirikia. Amenikasirikia pia.

Jumamosi, 8 Machi. Njiani

Pikipiki. Tope hadi magotini. Vizuizi vingi, kila kimoja na wenye bunduki wake. Katika cha mwisho kijana mwenye macho mekundu aliitingisha katoni karibu na sikio.

"Maharagi? Unapeleka maharagi ku Bulaya? Kule beko na njaa?"

Wenzake wakacheka, eti Ulaya kuna njaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebana pumzi, na mkojo pia. Alitaka kukata kamba, mvua ikamfukuza. Sijawahi kuipenda mvua hivyo.

Jumatatu, 10 Machi. Mubi

Lori limeondoka na katoni yangu. Papa Kambale ameifunika turubai mwenyewe, akaifanyia ishara ya msalaba. Dereva wake, Kasereka, ana watoto sita na anaimba akiendesha. Nasubiri hapa hadi njia ya nyumbani itulie. Nalala chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi.

Jumatano, 12 Machi

Njia haikutulia. Wamepigana katika kilima chetu. Simu ya Mama haiiti. Nimepiga hadi betri ikafa.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna.

Jumanne, 25 Machi

Bado kimya cha Mama. Na leo hili.

Madame Annika, anayesimamia mashine, ameandika. Wakaguzi wa mimea wamefungua katoni uwanja wa ndege wa kwao. Chini ya sponji wamekuta kifurushi cha jani la mgomba: konzi moja ya maharage mchanganyiko, ndani ya majivu ya kuzuia wadudu. Hakikutajwa popote. Kila kitu kimezuiwa, zamu yangu imesimamishwa. Wanataka maelezo kabla ya Ijumaa: nani aliweka, na kwa nini.

Nani! Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukiletewa bakuli la unga, unalirudisha na chochote, hata viazi viwili. Mimi mwenyewe sijawahi kurudisha beseni la jirani likiwa tupu, ningeona aibu. Katoni ilikuwa ya wageni. Mbegu zangu, machoni pa Mama, zilikuwa kazi, si zawadi. Kwa hiyo akaongeza zawadi.

Nimemtukana kwa sauti, peke yangu kati ya chumvi. Halafu nikalia, maana sijui kama yu hai.

Jumatano, 26 Machi

Papa Kambale amenipa mtandao wa dukani, na ushauri.

"Dada, andika chauffeur njo alitia. Kule nani atamujua?"

Nimeandika hivyo, kwamba ni dereva aliyetia. Naam, nimeandika jina la Kasereka kabisa. Uongo mzuri, umenyooka. Nje Kasereka, aliyerudi jana, alikuwa anabadilisha gurudumu, anaimba. Nimefuta. Nimeandika ni mama yangu, na ni kwa sababu ya adabu. Nimeeleza habari za beseni. Nikasoma tena, nikaona wataniona mshamba. Nimetuma.

Jumamosi, 29 Machi

Visanduku vyangu ni safi. Zamu ni yangu tena. Kifurushi cha Mama wamekichoma, ndiyo sheria yao. Madame Annika anasema amesikitika, na nadhani ni kweli.

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nimekaa tu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama! Yuko Bweremana, kwa familia ya wavuvi. Simu ni ya mwenye nyumba. Alikimbia na sufuria kichwani na Biblia. Nyumba imeungua, ghala limebebwa lote. Hana hata punje moja. Mbegu zilizotoka kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake.

Akauliza, "Na zile nilitia mu sanduku ya bazungu, zilifika?"

Nikamwambia. Zilifika, zikachomwa.

Akauliza tena:

"Na zako?"

"Ziko, Mama. Zitaingia mu mashine."

"Basi waambie na bao. Sanduku isirudie bule."

Jumapili, 13 Aprili

Misa asubuhi. Mvua. Nimemsaidia Papa Kambale kupima chumvi.

Niliandika ombi siku ile ile ya simu: nao wasirudishe sanduku tupu. Madame Annika amejibu: jaribio likiisha atahamishia miche michache kwenye vyungu, karibu na dirisha lake, hadi izae. Atatuma mbegu kavu, na vyeti vyote. Ameuliza inahitaji miti ya urefu gani. Nimemwambia mirefu kuliko yeye.

Ni aina moja tu, ile nyekundu. Nyingine hazitarudi. Nimemwambia Mama hilo pia.

Mwenye nyumba amempa kipande cha shamba juu ya ziwa. Mama anasema amekwisha kukata miti ya maharage na kuichomeka, mistari minne. Majirani wanamuuliza anapanda nini.