Gari Jipya Limenichongea kwa Mama Mkwe

Shoga, usinitumie tena ujumbe wa sauti nikiwa barabarani. Umenimaliza.

Nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki na hili gari letu jipya. Njia nzima anasifia gari kuukuu la baba mkwe: kioo unazungusha kwa mkono, likizima unalisukuma kidogo linawaka. "Hili lenu lina kiherehere," akasema. "Hata mkanda usipofunga linakusimanga."

Nami nikajitia mjuaji. "Mama, hili hata ujumbe linakusikilizisha, simu huigusi." Wako ndio ulikuwa umeingia. Nikabonyeza.

Sauti yako ikajaa gari zima: "Huyo mama mkwe wako anaondoka lini? Au ndiyo kashahamia?"

Kashahamia, shoga. Kwa spika zote. Natafuta pa kuzima, kumbe naongeza sauti. Ukacheka kile kicheko chako, hadi wapita njia wakageuka.

Mama mkwe akageukia dirishani. Mimi jasho linanitoka na kiyoyozi kinapuliza.

Tuliposimama kwenye taa nyekundu akasema taratibu, "Lile la baba yenu lina kasoro nyingi, lakini halina umbea."

Nilitaka kulia. Kumtazama, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Na kujibu, linajibu?" akaniuliza.

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Kwa hiyo huo ujumbe wa sauti hapo juu si wangu, ni wake. Anasema alikuwa aondoke Jumapili, lakini kwa kuwa umemuulizia, atapitia kwako kwanza akae wiki nzima.

Tandika kitanda.